Mheshimiwa wa Kabari

Zadok Wheelock alirudi nyumbani siku ya Jumatano, siku ambayo mbunge hana sababu yoyote ya kuonekana kwake. Bunge la Vermont lilikuwa na wiki moja tu tangu lianze kikao huko Ashbury, maili kumi na mbili kutoka pale, na kikao cha Oktoba si kitu cha kumalizika kabla theluji haijagusa milima. Mkewe, Keturah, alimwona tangu anateremka kilima, koti jipya limening'inia begani kama ngozi ya ng'ombe aliyekufa kwa ugonjwa, akajua kuna jambo.

"Karibu, mheshimiwa," alimwambia mlangoni. "Sheria zote mmeshazimaliza?"

"Nimetolewa ukumbini."

"Umefukuzwa?"

"Sijafukuzwa. Spika amesema nikae nje ya ule ubao wa kuzuia watu, mpaka kamati ilete taarifa. Nimekaa siku mbili kwenye benchi la watazamaji, Keti. Huku mzee anauza vikate vya tangawizi, huku mbwa."

"Mbwa wa nani?" aliuliza mama yake Zadok, Bibi Hepzibah, kutoka kwenye kiti chake kando ya moto. Miguu ilikuwa imemkataa tangu mwaka juzi, masikio bado.

"Mama, suala si mbwa."

"Nimeuliza tu. Mbwa wa spika ni heshima."

Keturah alimwekea mumewe bakuli la maharage na nyama ya nguruwe, akakaa mbele yake na kumwacha ale vijiko vitatu. Hapo ndipo habari yenyewe ilipotoka.

Septemba watu huru wenye kura wa mji wa Harrowfield walikuwa wamemchagua Zadok kwa kura moja ya ziada, wakamwacha Kapteni Josiah Orcutt, mwenye kinu cha kupasulia mbao kule mtoni. Kapteni alikuwa amekalia kiti kile miaka sita, akakizoea mpaka akakihesabu pamoja na samani za nyumbani kwake. Kule Ashbury nako, spika mpya alipatikana kwa kura moja, na waliohesabu walisema kura hiyo ni ya yule mkulima wa Harrowfield mwenye koti linalombana kwapa. Upande wa Kanali aliyeshindwa uspika walipokutana na Kapteni aliyeshindwa ubunge, hawakuhitaji kutambulishwa. Mbunge akitoka, uchaguzi wa spika unarudiwa.

"Kapteni ameleta malalamiko," Zadok alisema. "Anasema mimi si mkazi wa Harrowfield."

"Wewe? Umeng'oa visiki hapa miaka kumi na saba. Unakaa wapi, mwezini?"

"Anasema hati ya mji inataja mpaka wa magharibi: kutoka lile rundo la mawe kule bwawani, moja kwa moja mpaka mtoni, kwa kufuata sindano ya dira. Ameleta mpima ardhi, Bwana Fitch, kapima kimyakimya wiki ile tuliyokuwa tunavuna mahindi. Mstari umepita mashariki ya nyumba yetu. Sisi tuko nje."

"Nje, yaani kwenye mji wa jirani?"

"Nao hawatutaki. Mpaka wao uko kule kwenye kijito. Sisi tuko katikati, kwenye kabari."

Keturah hakuhitaji kuelezwa kabari ni nini. Milima ile ilikuwa imejaa vipande hivyo, vyembamba, vilivyoachwa kati ya mji na mji na wapimaji wa zamani waliochoka, au waliolewa. Kabari haina mji, haina shule, haina kura. Ni mali ya jimbo, hadi bunge limpe mtu anayeiomba.

"Na nani ameiomba?" aliuliza taratibu.

Zadok alilikunja koti lake kwanza, mkono kwa mkono. "Kapteni. Barua ya pili iko chini ya ile ya kwanza."

Sasa jambo lilikuwa wazi. Hati yao ya shamba, ekari tisini, waliinunua kwa wenye mji wa Harrowfield. Ikiwa ardhi haikuwa ya Harrowfield, wenye mji waliuza wasichokuwa nacho. Kiti cha bunge kilikuwa mlango tu. Kapteni alikuwa anataka nyumba.

*

Jumapili walikwenda kanisani kama kawaida, wakamkuta shemasi amesimama kwenye benchi lao, mikono ameikunja tumboni kama mtu anayelinda jeneza. Benchi lile, la nne kutoka mbele upande wa madirisha, walipangiwa na mkutano wa mji mwaka Zadok alipoezeka paa la kanisa bure.

"Ni kwa muda tu," shemasi alisema bila kumtazama mtu. "Mpaka mambo yajulikane. Viti hivi ni vya wakazi. Wageni wanakaa kule nyuma, chini ya ngazi."

Walikaa chini ya ngazi, pamoja na mchuuzi wa sindano aliyekuwa anapita na mtu mmoja aliyekuja kuuza farasi. Mahubiri yalikuwa juu ya wana wa Israeli jangwani. Keturah alihisi shingo za nusu ya kanisa zikizunguka kuwatazama wana wa Israeli wenyewe.

Baada ya ibada mke wa Kapteni alimsogelea, kofia yake mpya ina riboni ya kutosha kufungia ndama.

"Bibi Wheelock. Hukupotea njia? Nasikia huko kwenu siku hizi hakuna jina."

"Nilifuata harufu ya unga wa mbao, Bibi Orcutt. Nikajua nikifika kwako nimefika mjini."

Kapteni naye alikuwa amemvuta Zadok pembeni, mkono begani, sauti ya kibaba. Keturah alisogea kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

"Mimi si mtu mbaya, Zadok. Jiuzulu mwenyewe. Andika mistari miwili, sema kazi za shamba zimekuzidi, mji utachagua mtu mwingine."

"Wewe."

"Au mwingine yeyote. Mimi ombi la ardhi nitalitazama upya. Na hata bunge likinipa, sitakutupa nje na mama yako mzee. Utakaa. Utanilipa kitu kidogo kila mwaka, magunia kadhaa ya ngano, tunaelewana."

Walirudi nyumbani. Walipofika kwenye zizi Zadok alisimama.

"Nafikiri niandike."

"Uandike nini?"

"Hiyo mistari miwili. Keti, mimi sijui kusema mbele ya watu. Tangu niende sijafungua mdomo isipokuwa kusema 'nipo' wakisoma majina. Kiti chenyewe kinanitoa jasho. Kama kukiacha kutaokoa nyumba..."

"Amesema ombi atalifuta?"

"Amesema atalitazama upya."

"Mimi pia nalitazama upya koti lako kila siku, na kwapa bado linabana." Alimshika mkono. "Amekuita mpangaji kwenye nyumba yako mwenyewe na wewe umesikia ukarimu. Subiri kamati. Wakisema tuko nje, tuwe nje. Lakini usimfungulie mlango wewe."

Zadok aliingia ndani. Hakuandika, ila kalamu aliichonga, na Keturah aliiona mezani siku mbili nzima.

*

Kamati ya bunge ilifika Jumanne saa nne asubuhi, watu watatu juu ya farasi watatu wenye matope hadi tumboni. Mwenyekiti alikuwa Jaji Elkanah Dewey, mrefu, mwenye mafua, na Zadok alimnong'oneza mkewe kwamba huyu alimpigia kura Kanali. Wenziwe wawili walikuwa mmoja wa upande huu na mmoja wa upande ule, na hawakuwa wamesemezana tangu Ashbury. Nyuma yao walikuja Kapteni Orcutt, aliyenyoa vizuri, na Bwana Fitch mpima ardhi na dira yake juu ya mguu wa mti, pamoja na vibarua wawili wa kukokota mnyororo wa kupimia.

"Harufu hiyo ni ya nini?" Jaji aliuliza kabla ya salamu.

"Boga na maharage, Jaji," alisema Bibi Hepzibah kutoka ndani. "Lakini sijui kama sheria inawaruhusu kula kwenye kabari."

Mjumbe mmoja alicheka, akakumbuka yuko na mwenzake, akakohoa.

Walianza bwawani, kwenye rundo la mawe, wakaja maili moja wakipiga vigingi vyenye vitambaa vyekundu. Keturah alikuwa akiwaangalia kutoka shamba la viazi. Mpaka wa zamani aliujua kama ajuavyo mikunjo ya viganja vyake: ulikuwa mstari wa miti mikubwa iliyochanjwa kwa shoka, alama za wapimaji wa kwanza, gome limefunga juu yake kama kovu. Miti ile ilipita magharibi ya nyumba, nyuma ya zizi. Vigingi vipya vilipita mashariki, katikati ya kabichi zake.

"Bwana Fitch," Jaji alisema, akipenga kamasi, "nyumba iko upande gani wa mstari?"

"Magharibi, Jaji. Hatua arobaini nje."

"Nje ya Harrowfield."

"Kwa mstari huu, ndiyo."

Kapteni alivua kofia kama yuko msibani. "Inasikitisha. Lakini hati ni hati. Hatukuja kupima huruma."

Zadok alisimama kando ya ukuta wa nyumba, mkono mmoja juu ya magogo aliyoyachonga mwenyewe. Jaji alitoa daftari na kuanza kulowesha ncha ya kalamu ya risasi kwa ulimi.

Keturah hakuwa anamtazama Jaji. Alikuwa anatazama kigingi cha mwisho, halafu cha nyuma yake, halafu kile cha mbali kule bwawani. Mwezi wa Agosti, akikata kitambaa cha koti la mumewe, alianza mkasi ukiwa umeinama kidogo sana, kidogo cha kutoonekana, na alipofika mwisho alikuwa amepoteza upana wa kiganja. Ndiyo maana kwapa lilibana. Sasa alikuwa anaona kitu kilekile, ila kwa miti.

"Samahani, Jaji," alisema. "Kule bwawani, kigingi na mti wa alama viko pamoja?"

Bwana Fitch ndiye aliyejibu. "Vinagusana."

"Na kwenye kona ya viazi?"

"Hatua kama thelathini na tano mbali."

"Na hapa?"

Bwana Fitch alimtazama mwanamke yule kwa mara ya kwanza. "Sabini, mama. Karibu sabini."

"Kwa hiyo mstari hauendi sambamba na miti. Unafunguka, kama mkasi."

"Bibi Wheelock," Kapteni alisema kwa upole, "haya ni mambo ya dira."

"Na mimi nauliza habari za dira. Bwana Fitch, hati inasema mstari unaishia wapi?"

"Mtoni."

"Hapa ni mtoni?"

Kibarua mmoja aliangalia ardhi kama anatafuta maji.

"Hakuna haja ya kufika mtoni," Kapteni alisema, haraka kidogo. "Suala ni nyumba hii. Nyumba imeshapimwa. Waheshimiwa wana kikao, na mvua inakuja."

"Hati ni hati," Keturah alisema. "Hatukuja kupima mvua."

Jaji Dewey aliinua kichwa kutoka kwenye daftari. Macho yake yalikuwa mekundu kwa mafua, lakini hayakuwa ya mjinga. "Bwana Fitch. Ukiufuata mstari huu mpaka mtoni, unapita wapi?"

"Sijapima, Jaji. Niliagizwa nipime hadi nyumba ya Wheelock. Sikuagizwa zaidi."

"Na nani alikuagiza?"

Bwana Fitch alisafisha kioo cha dira kwa mkono wa shati lake, akakisafisha tena. Kila mtu alijua nani.

"Sasa nakuagiza mimi," Jaji alisema. "Maili ngapi?"

"Tatu."

"Basi boga litasubiri."

*

Walikwenda maili tatu msituni, mnyororo ukilialia juu ya mizizi, na mvua ikaja kweli. Keturah alikwenda nao, sketi amezifunga juu ya viatu, na hakuna aliyethubutu kumwambia arudi. Zadok alikuwa nyuma yake. Kila baada ya nusu maili walitembea kwenda upande kutafuta miti ya alama, na kila mara walitembea mbali zaidi. Hatua mia. Mia na hamsini. Mia mbili. Kapteni, aliyekuwa mbele mwanzoni, alianza kubaki nyuma, halafu akawa anatoa maoni juu ya hali ya barabara.

Kabla hawajauona mto waliusikia, na pamoja nao msumeno wa kinu cha mbao. Kigingi cha mwisho kilipigwa ukingoni. Kinu cha Kapteni Orcutt kilikuwa magharibi yake. Nyumba ya Kapteni, yenye madirisha kumi na mawili ya vioo, ilikuwa magharibi yake. Hata banda la kuku.

Mke wa Kapteni alitokea kwenye ngazi, akafuta mikono kwa aproni, akawatazama watu tisa waliolowa wakiitazama nyumba yake.

"Bwana Fitch," Jaji aliuliza, "hii inawezekanaje?"

"Sindano ya dira haikai mahali pamoja, Jaji. Inasogea, pole pole, mwaka kwa mwaka. Hati imeandikwa miaka thelathini na tano iliyopita, kwa sindano ya wakati ule. Mimi nimefuata ya leo. Nyuzi mbili za tofauti. Bwawani huoni kitu. Huku unaona."

"Uliyajua haya?"

"Kila mpima anayajua. Sikuulizwa."

Jaji alifungua mkoba wake wa ngozi, akatoa barua mbili, akaiweka ya pili juu, chini ya ukingo wa kofia ili isilowe. Alisoma kwa sauti, bila kukoza neno lolote, na hilo ndilo lililokuwa baya. "'Nchi yote isiyogawiwa iliyo magharibi ya mstari uliotajwa.' Kapteni, unaliomba bunge likupe kinu chako?"

"Kuna kutoelewana hapa."

"Maana kama ni nchi isiyogawiwa, mtu yeyote anaweza kuiomba. Kule Ashbury namjua mtu anayetafuta kinu."

"Mimi pia," alisema mjumbe wa upande wa spika.

"Mimi namjua huyohuyo," alisema yule wa upande wa Kanali, na lilikuwa neno la kwanza walilokubaliana tangu Jumatatu.

Keturah alikuwa anatetemeka kwa baridi, lakini hakuweza kujizuia. "Halafu, Jaji, nauliza tu kwa sababu mimi sijui sheria. Mtu asiye mkazi wa Harrowfield, anaweza kulalamika kwamba uchaguzi wa Harrowfield umemuumiza? Na ukapteni wa askari wa mji, unaruhusiwa kutoka kwenye kabari?"

Kapteni Orcutt alivaa kofia yake. Ilikuwa imejaa maji, yakamshuka usoni na ndani ya shingo, na kila mtu alikuwa na adabu ya kutazama mto.

"Nafikiri," alisema, "miti ya alama imekuwapo muda mrefu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ni busara kuiheshimu."

"Unaondoa malalamiko?"

"Naondoa."

"Yote mawili?"

Kapteni alitazama nyumba yake, madirisha kumi na mawili, mkewe kwenye ngazi. "Yote mawili."

Jaji alimpa kalamu. Hapakuwa na meza, kwa hiyo Kapteni alitia saini akiegemeza karatasi kwenye mgongo wa Zadok Wheelock, aliyeinama bila kuombwa, kwa kuwa alikuwa mtu wa namna hiyo. Kisha Jaji alipenga kamasi, akasema ataandika kwamba mstari uliokusudiwa na hati ni ule uliochanjwa kwenye miti, na kwamba mbunge arudi ndani ya kizuizi cha ukumbi. "Mimi sikumpigia kura spika yule," aliongeza, "na sijampenda zaidi leo. Lakini kuhesabu najua. Bibi, lile boga bado lipo?"

*

Walikula mpaka sufuria ikaonyesha weusi wake. Bibi Hepzibah aliwasimulia habari za wapimaji wa kwanza, jinsi walivyokuja na pipa la ramu na kuondoka bila hilo, na akataka asimuliwe mara tatu uso wa Kapteni ulivyokuwa maji yalipomwingia shingoni. Kamati ilipoondoka, wajumbe wawili walikuwa wanagombana tena, kwa sauti za watu walioshiba.

Zadok alikaa mbele ya moto, na koti jipya lilikuwa magotini kwa mkewe. Keturah alikuwa anafungua mshono wa kwapa kwa ncha ya kisu, akilegeza nguo upana wa kidole. Alikuwa amechoka uchovu mzuri, ule wa mtu aliyebeba ndoo mbili za maji na kuzifikisha zote.

"Jaji ameniambia kitu pale zizini," Zadok alisema. "Anasema taarifa ya kamati inaokoa kiti changu, basi. Mpaka wenyewe hautakuwa salama hadi itungwe sheria inayotaja miti. Kuna nyumba kumi na moja kwenye mstari ule, Keti, pamoja na ya jirani yetu mjane, Tabitha Noyes. Kesho mtu mwingine mwenye dira..."

"Basi itungwe."

"Lazima mbunge wa Harrowfield aipeleke. Asimame, aiseme." Aliinamia moto. "Mbele ya watu mia na hamsini."

"Kapteni ataiunga mkono. Hana pa kukimbilia."

"Kapteni si mbunge. Mbunge ni mimi."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema hivyo, na alionekana kushtuka. Bibi Hepzibah alifungua jicho moja.

"Nitaanza vipi? Sijui hata pa kuanzia."

Keturah alikata uzi kwa meno, akamrushia koti. "Jaribu hilo kwanza."

Alilivaa. Aliinua mkono wa kulia, taratibu, kama mtu anayeomba nafasi ya kusema, na kwapa halikubana.

"Anza hivyo hivyo," mkewe alisema. "Spika akikutazama, taja jina lako na unakotoka. Yaliyobaki yatakuja."

Zadok alisimama katikati ya nyumba yake, mkono bado uko juu, akakohoa. "Zadok Wheelock," aliwaambia mkewe, mama yake na sufuria iliyokuwa tupu, "wa Harrowfield."

"Sauti," alisema Bibi Hepzibah. "Huku nyuma hatusikii."

Akarudia.